Boksi la Besi la Ebenezeri

Marangu,
9 Agosti 1981

Wifi yangu Eliona,

Shikamoo. Sisi huku tupo. Baridi haijaisha, na upepo wa juzi umelaza migomba ya chini ya mfereji. Ndelilio anakohoa kidogo lakini shule anakwenda.

Nakuandikia kwa sababu umeme umefika nyumbani. Walivuta waya kutoka nguzo ya kanisani, na taa ya sebuleni ilipowaka nikajikuta natazama mlangoni, nikingoja mdogo wako Ebenezeri aingie aniulize nani ameiacha taa inawaka mchana.

Unajua kwamba Jumapili ya tarehe 27 Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, tutafanya ibada ya kumkumbuka. Itakuwa mwaka tangu tumzike. Kwaya yake yote itakuja, nami nataka wamsikie. Ninayo kaseti waliyorekodi Pasaka ile ya mwisho. Tatizo ni redio kaseti yangu. Nikiipiga, wanawake nawasikia wote, hata Martha anavyovuta pumzi. Wanaume wa sauti ya tatu nawasikia. Lakini Ebenezeri na besi yake hayupo. Naweka sikio kwenye redio mpaka linauma, napata mngurumo mdogo tu, kisha hata huo unapotea.

Kwa hiyo naomba vyombo vyake vilivyo kwako: amplifaya, spika mbili ndogo, na zaidi ya vyote lile boksi kubwa la besi. Alipokuwa hai vilikaa Njoro kwa sababu kwetu hapakuwa na umeme. Sasa upo.

Tena naomba ukumbuke kwamba mbao za boksi lile zilitoka kihambani kwetu, shamba hili la nyumbani. Ule mti wa mringaringa tuliukata nikiwa na mimba ya Ndelilio, akaniambia, "Mama, hapa pana kabati lako la vyombo." Vyombo vyangu bado viko kwenye kapu.

Wako,
Elinipendo


Njoro, Moshi,
20 Agosti 1981

Mama Ndelilio,

Marahaba. Mpe mtoto maji ya moto yenye tangawizi.

Unasema vyombo vya Ebenezeri "vilivyo kwako", kama vile vimepotea njia vikaingia kwangu kuomba malazi. Havikupotea. Miaka yote aliyofanya kazi ya umeme kiwandani alilala kwangu, na kila jioni aliporudi alivua viatu, akakaa sakafuni, akaanza na hilo boksi. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, yeye na nyaya zake. Tulikuwa tunacheka, wewe hujui.

Spika yenyewe tulikwenda kuichagua pamoja sokoni. Mzee mmoja alikuwa anauza vitu vya jumba la sinema lililofungwa. Zilikuwepo spika mbili kubwa, moja inang'aa, nyingine imechakaa pembeni. Mimi nikapenda inayong'aa. Ebenezeri akazibonyeza katikati kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta parachichi lililoiva. Akasema, "Dada, hiyo yako ni ngumu, itabweka. Hii kuukuu inapumua." Tukabeba ile kuukuu, yeye huku na mimi huku, mpaka nyumbani.

Halafu boksi lile limepimwa kwa chumba changu. Alilisogeza kona hii, akalirudisha kona ile, mpaka majirani wakauliza kama tunahama. Ukilipeleka Marangu litakuwa kama gauni nililomshonea mtu mmoja akalivaa mwingine. Litabana huku na kupwaya kule.

Wewe nipe kaseti. Mpe Leodegar, yule dereva anayeleta mbolea huko, aniletee. Nitaisikiliza na nitakurudishia. Mimi ndiye niliyemfundisha kuimba yule. Nilimbeba mgongoni nikienda mferejini, nikamwimbia, naye akinijibu kwa kuguna, kabla wewe hujajua kama yupo duniani.

Dada yenu,
Eliona


Marangu,
2 Septemba 1981

Wifi Eliona,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Sikujua kwamba alikuwa anakaa sakafuni akicheka. Kwangu alifika Jumamosi amechoka, akala mtori, akauliza habari za ng'ombe, akalala. Jumapili tulikwenda kanisani, na jua likianza kushuka nilimwona anatafuta viatu. Siku zile nyingine zote nilijifariji kwamba yuko Moshi ananikosa. Kumbe alikuwa anabonyeza spika na wewe.

Na hilo la parachichi alijifunza kwangu. Alipokuja kwetu kuposa alikuwa anayachagua kwa rangi, mama akamcheka. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwonyesha mahali pa kubonyeza. Nisamehe kuliandika, lakini sipendi kulikuta linaishi Njoro kama la kwenu.

Kaseti haitoki. Utepe wake umeshaanza kujikunja, na Leodegar ataiweka juu ya mbolea. Usikasirike. Wewe unavyo vyombo alivyovishika kila siku, unayo sakafu aliyokalia. Mimi ninalo koti moja, kiti kimoja, na hii kaseti. Siku ya mazishi Mwalimu Gabriel wa kwaya alisema mbele ya watu wote kwamba nguzo ya besi imeanguka. Ulimsikia. Nguzo hiyo iko ndani ya kaseti yangu, nami siwezi kuisikia, kwa sababu wewe umekalia boksi lililotoka kwenye mti wangu.

Elinipendo


Njoro,
4 Oktoba 1981

Mama Ndelilio,

Juzi nilikuwa nakata sare za shule. Meza ilijaa, nikatandika kitambaa juu ya boksi la Ebenezeri nikakatia pale. Nilipomaliza nikaona nimeligeuza meza. Tangu azikwe halijaimba kitu zaidi ya taarifa ya habari.

Leodegar anakuja kulichukua pamoja na vile vingine. Nimelifunga kwa blanketi, blanketi lirudi. Pale lilipokuwa limeacha alama sakafuni, nimeweka kapu la vitambaa juu yake ili nisiione.

Maelezo ya kulitumia sitakupa. Wewe ndiye mke, utajua mwenyewe.

Eliona


Marangu,
25 Oktoba 1981

Wifi yangu,

Shikamoo, na asante. Asante hiyo inatoka moyoni, hata kama yanayofuata si mazuri.

Boksi lilifika Jumatano. Wanaume wawili walilishusha, na Eunike jirani yangu akaja na wanawake wengine kulitazama. Nililipa heshima. Nimeliweka juu ya meza ndefu, katikati ya ukuta, chini ya picha yake, mahali ambapo kila anayeingia atalikuta. Nimelivika kile kitambaa cheupe nilichokifuma mwaka tuliooana, kinashuka mpaka chini mbele yote. Juu nimeweka maua. Eunike alisema linafanana na meza ya Bwana.

Spika ndogo nimezitenga huku na huku kama mishumaa. Fundi aliyetuwekea taa akaunganisha nyaya. Nikatia kaseti.

Wifi, hakuna kitu. Martha anaimba, tena kwa nguvu kuliko zamani. Ebenezeri hayupo. Boksi linavuma kidogo kama nyuki ndani ya debe, kisha linanyamaza. Wanawake walinitazama, halafu wakatazama miguu yao. Eunike akasema, "Labda hakuimba siku hiyo." Nilitamani kumfukuza.

Sasa nakuuliza, na unijibu kwa ukweli. Boksi limekuja na tundu mbele, pana kama mdomo wa kikombe, na ndani yake kuna bomba la karatasi ngumu. Nimedhani limetobolewa na panya wa huko Njoro, au njiani. Nimelijaza majani makavu ya migomba, nikashindilia vizuri wasiingie tena. Lakini usiku wa mawazo ni mrefu, nami nimejiuliza: je, kuna kitu kilichokuwa ndani ukakitoa? Umebaki na nini, wifi?

Elinipendo


Njoro,
3 Novemba 1981

Mama Ndelilio,

Nimecheka mpaka mteja niliyekuwa nampima kiuno akauliza kuna nini. Kisha nilipofika kwenye mstari wako wa mwisho nikakasirika, nikampima mara ya pili.

Panya wa Njoro hawana ugomvi na Ebenezeri. Lile tundu alilitoboa mwenyewe, na bomba ni la kuzungushia kitambaa, nilimpa mimi hapa dukani. Lilikuwa refu. Alilitia, akasikiliza, akasema linavuta miguu. Akakata kidogo kwa kisu changu cha mishono. Akasikiliza tena. Alikata kidogo kidogo hivyo mpaka akaridhika, maana likiwa fupi mno boksi linabweka. Lile tundu ni pua yake. Umemziba mtu pua, umemfunika uso kwa kitambaa, umempandisha juu ya meza mbele ya watu, halafu unalalamika haimbi! Hata mimi ningenyamaza.

Sasa sikiliza. Toa majani yote, usiache hata unyuzi. Toa kitambaa. Maua mpe ng'ombe. Boksi lishuke sakafuni, kwa sababu besi inataka sakafu na kona, haina haja ya kuonekana. Spika ndogo ndizo za kutazamwa. Hizo ziache juu.

Kona ipi, mimi siwezi kukuambia nikiwa huku, na Ebenezeri naye asingeweza. Yeye alifanya hivi. Chukua kiti utakachokalia wakati wa kusikiliza, weka boksi juu ya hicho kiti. Ndiyo, boksi likae pale utakapokaa wewe. Piga kaseti. Kisha wewe piga magoti uzunguke chumba pembeni mwa kuta, kichwa kikiwa chini, sawa na urefu wa boksi. Mahali pengine itakuwa kama amekufa. Pengine atanguruma ovyo. Patakuwa na mahali pamoja atakapoimba kila neno. Hapo ndipo pa kuliweka boksi, kisha wewe ukae kitini. Mnabadilishana tu mahali.

Likishakaa, geuza nyaya mbili za nyuma, nyekundu iende mahali pa nyeusi, na nyeusi mahali pa nyekundu. Sauti ikikonda, zirudishe. Ikinona, ziache. Kisha kile kitufe cha kushoto kwenye amplifaya, cha besi, kizungushe polepole.

Sikutaka kukuandikia haya. Umeuliza nimebaki na nini. Nilibaki na haya, kujua namna alivyofanya. Kaburi liko kwako, mtoto yuko kwako, jina lake unaitwa wewe. Mimi nilikuwa nayajua haya peke yangu, na sasa nayo umeyachukua.

Blanketi halijarudi.

Eliona


Marangu,
15 Novemba 1981

Wifi Eliona,

Shikamoo. Blanketi analo Leodegar, nimelifua.

Nimefanya kama ulivyoandika. Sikuwa na kiti cha kusikilizia, kwa hiyo ikabidi kiwe kile kinachotazama dirisha, chake. Hakuna aliyekikalia tangu siku ile. Nililipandisha boksi pale na Eunike, nikamwambia aende nyumbani kwake, nikafunga mlango.

Nikapiga magoti. Ndelilio aliporudi shule akanichungulia dirishani akauliza, "Mama, umepoteza sindano?" Nikamwambia ndiyo. Karibu na mlango hapakuwa na kitu. Chini ya dirisha alikuwa ananguruma kama mtu mwenye hasira, siyo yeye. Nilizunguka mpaka kwenye kona ninapoweka magunia ya kahawa, nikasogeza gunia moja ili nipite.

Wifi, alikuwa pale. Sikumsikia kwa masikio kwanza, nilimsikia kwenye magoti, sakafu ilipotetemeka. Nikakaa palepale na gunia langu mpaka wimbo ukaisha. Ndelilio akaingia, akasimama, akaniuliza tena, kwa sauti ndogo, "Ni baba?"

Magunia nimeyahamishia jikoni. Boksi liko kwenye kona ile, halionekani ukiingia. Nyaya nimezigeuza, akakonda, nikazirudisha. Nimeisikiliza kaseti yote, beti zote nne, zaidi ya mara moja.

Sitaandika zaidi. Kuna jambo nataka ulisikie mwenyewe kabla sijalisema, ili nijue kama ni masikio yangu. Tafadhali usimwambie mtu kwamba tumempata. Njoo Jumamosi yoyote kabla ya Krismasi. Utakaa kitini wewe.

Elinipendo


Njoro,
6 Desemba 1981

Mama Ndelilio,

Nimefika salama. Ndizi zimefika salama pia, isipokuwa chana moja niliyoila njiani kuanzia Himo.

Nataka kuandika haya kabla hujabadilisha habari. Ulinikalisha kwenye kiti chake, wewe ukasimama mlangoni na sinia la machalari, ndizi na nyama, hunipi, huli. Najua ulikuwa unahesabu nimekaa kwa muda gani. Ningekuwa wewe ningehesabu pia. Kisha ukatia kaseti.

Nilipomsikia nililia, na sioni haya. Nililia beti ya kwanza yote. Mwishoni mwa beti wenzake wakafika, wakatulia, na yeye akaja peke yake nyuma yao, kama mtu aliyerudi kuchukua kofia. Nikasema moyoni, utepe umejikunja. Beti ya pili akafanya vilevile. Beti ya tatu, wanaume wote wa besi waliposhuka, yeye akapanda. Akapanda kabisa, mama, kwa furaha, akakaa huko juu anawangoja.

Nikakutazama. Ukatazama sinia.

Ukasema, "Wifi, ni boksi?"

Nikasema, "Boksi halina kosa."

Ukasema, "Alikuwa hivi siku zote?"

Nikakuambia kwamba hapa Njoro alipokuwa anaimba akifuatisha santuri nilidhani anachelewa kwa sababu anasikiliza spika. Ukauliza kama Mwalimu Gabriel alijua. Nikakuuliza, "Alikuwa anamsimamisha wapi?" Ukasema, "Nyuma kabisa, pembeni, karibu na dirisha." Kisha ukaongeza, "Dirisha lililo wazi." Hapo ndipo ulipocheka, na ni wewe uliyeanza, usikatae. Machalari yalimwagika.

Halafu ukanitupia: "Si wewe uliyemfundisha kuimba? Basi wewe ndiye uliyemfundisha kuchelewa." Nilikubali, kwa sababu nilipokuwa nambeba na kumwimbia, nilimaliza mimi kwanza, ndipo naye akaguna. Sikuwahi kufikiri kwamba ataendelea hivyo ukubwani.

Sasa yapo mambo mazito. Mchungaji ameshatangaza. Kwaya inakuja, na Mwalimu Gabriel, na Eunike na mdomo wake. Kaseti lazima ipigwe. Wakimsikia kama tulivyomsikia sisi, hadithi itafika Himo kabla ya kahawa kupoa. Sitaki wamcheke. Mimi na wewe kumcheka ni jambo lingine.

Tutapunguza besi. Kile kitufe cha kushoto, siku ile kisimamiwe na mtu. Wageni wasikie kwamba besi ipo, wasisikie inafanya nini. Mwisho wa beti ya kwanza kirudi chini, beti ya pili hivyohivyo, ya tatu kishuke kabla wenzake hawajashuka. Nitashika mimi. Nimezoea vyombo vile kuliko wewe, na mikono yangu haitetemeki. Wewe utakuwa na wageni wa kukaribisha.

Wageni wakiondoka tutakipandisha mpaka mwisho.

Wako,
Eliona


Marangu,
13 Desemba 1981

Wifi yangu Eliona,

Shikamoo. Mbuzi amepatikana, viti vya kanisani tumeazimwa, na mvua za vuli zimetuachia njia ya kupita.

Kuhusu kitufe, hapana. Wageni atawakaribisha Anyesi, dada yangu, ambaye hujui namna anavyopenda kukaribisha. Tangu uondoke nimeipiga kaseti kila siku nikipika, na mkono wangu sasa unakwenda wenyewe kabla hajakosea. Jana Eunike aliingia bila kubisha hodi katikati ya beti ya pili. Nilikishusha huku namenya ndizi. Akasema, "Kweli alikuwa nguzo." Nikasema, "Asante, mama."

Nimekaa nikafikiri kwamba na wewe utakuja na shauku yako, tutanyang'anyana mbele ya mchungaji. Basi tugawane. Tuweke viti viwili pale kwenye amplifaya. Wewe shika beti ya kwanza na ya pili, ni haki yako, kuchelewa kule ni kwenu wawili tangu mferejini. Ya nne haina neno, nimeisikiliza, anafika pamoja na wengine, sijui alifanyaje.

Ya tatu niachie mimi. Pale anapopanda peke yake ndipo ninapompenda zaidi, na siku ile, watu wote wakiwa wamekaa kwangu kimya wakimsikiliza, nataka niwe mimi ninayemficha.

Njoo Ijumaa ile ya Krismasi mapema, tufanye mazoezi.

Wako,
Elinipendo